Baada ya Viazi

Jumanne, 30 Septemba 2014

Leo ni siku ya mwisho ya Septemba, na nimemwahidi Mama kwamba katika daftari hili nitaandika kila kitu, hata yatakayonitia aibu. Kesho mavuno yanaanza. Mama atakuwa kwenye lori kutwa, Mama Jo atakuwa kwenye mashine ya kulundika usiku kucha, nami nitawaona wakipishana mlangoni kama walinzi.

"Niandikie, Marit," Mama amesema. "Nitasoma yote baada ya viazi."

Huku kwetu kila jambo ni baada ya viazi, yaani viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani. Jino likiuma, baada ya viazi. Paa likivuja, baada ya viazi. Bibi alifariki juzijuzi tu, Oktoba ya mwaka juzi, na Babu akamzika Novemba. Hakuna aliyeshangaa. Ardhi ikiganda kabla viazi havijatoka, kazi ya mwaka mzima inabaki chini.

Lipo jambo letu pia linalosubiri. Mama ndiye aliyenizaa, na Mama Jo ndiye aliyenipokea mikononi. Mwaka jana jimbo la Minnesota, ng'ambo ya mto, liliruhusu wanawake wawili waoane, wakavuka daraja wakaoana. Lakini nyumba yetu iko upande huu, Dakota Kaskazini, na huku ndoa ile si kitu. Mama Jo husema, "Sisi tumeoana mpaka katikati ya daraja." Wakili wa ng'ambo amewaambia Mama atie sahihi karatasi ya kumtaja Mama Jo kuwa mlezi wangu, lolote likitokea. Miadi ni tarehe kumi.

Mashamba mengi ya Babu yako ng'ambo. Kila Mama anapofika katikati ya daraja kwenda huko na lori tupu, hupiga honi mara mbili. Maana yake: sasa mimi ni mke wa mtu. Nyumba yetu iko karibu na mto, kwa hiyo nasikia.

Jumatano, 1 Oktoba

Honi mbili, tena mbili, tena mbili. Nimefanya hesabu zangu za shule nikizisikiliza. Alfajiri Mama Jo amerudi na matope hadi kwenye nyusi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Shuleni nimeulizwa tena baba yangu ni nani. Nimesema sina, nina mama wawili. "Wawili upande upi wa mto?" Darasa zima limecheka. Na mimi nimecheka, kisha nikaenda kunywa maji ambayo sikuyahitaji.

Jumapili, 5 Oktoba

Joto limezidi na mavuno yamesimamishwa. Viazi vikilundikwa vikiwa na joto vinaoza katikati ya lundo, na kuoza kukianza hakuonekani kwa nje.

Baada ya ibada tumekwenda kula kwa Babu Orville, baba yake Mama. Ninaposema tumekwenda, namaanisha Mama na mimi. Mama Jo amebaki kwenye gari, kama kawaida, akisoma gazeti. Nimempelekea sahani.

"Babu yako kapika nini leo?"

"Nyama ya kusaga na tambi, imeokwa."

"Bila chumvi?"

"Bila chumvi."

"Basi Mungu ni mwema, amenitenga na mengi," amesema, tukacheka mpaka vioo vikapata ukungu. Nilipogeuka nilimwona Babu dirishani. Hakukasirika. Alikuwa anatazama tu, na hilo limenitisha zaidi. Babu huwa hasemi "Joleen". Husema "yule mwenzake".

Jumatatu, 6 Oktoba

Redio inasema mahakama ya juu ya nchi imekataa kusikiliza rufaa za majimbo kadhaa, na kwa hiyo watu kama mama zangu wataweza kuoana huko. Mama Jo amenyanyua sufuria kama kombe la mpira. Mama ameuliza, "Na sisi?" Redio ikaendelea na habari za ngano. Sisi hatumo.

Jioni nimempelekea Babu kahawa kwenye gereji. Delmar, jirani yake, alikuwa amekaa juu ya tairi.

"Umesikia, Orville? Washington wanataka kutuchagulia hata wa kulala naye!"

"Wewe hata Washington haiwezi kukupatia," Babu alimjibu. Kisha akasema kwamba watu wa jimbo hili walishapiga kura, wakaamua ndoa ni ya mume na mke, na kila jimbo lina haki ya kujiamulia mambo yake.

Mwalimu wetu wa uraia anatufundisha kuuliza kwa adabu, kwa hiyo nimeuliza kwa adabu. "Babu, haki za jimbo ni za nani hasa?"

"Za watu wake. Wengi wakiamua, imeamuliwa."

"Na wachache?"

Babu alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Wachache wana daraja la kuvukia."

Delmar alicheka hadi akakohoa. Babu hakucheka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baridi imerudi, malori yametoka. Wakili amepigiwa simu. Karatasi ni baada ya viazi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Malori yamelala, matope yamefika magotini. Nimewaza kwamba leo Mama angeweza kwenda kwa wakili, maana hana kazi. Nimemkuta amelala chumbani, mapazia yamefungwa, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso.

"Kichwa tu, mwanangu. Usingizi mchache."

"Twende kwa daktari."

Alitabasamu bila kufumbua macho, nami nikajua atakachosema kabla hajakisema.

Alhamisi, 16 Oktoba

Malori yametoka tena. Leo Mama amepiga honi mara moja tu. Nimekaa nikisubiri ya pili mpaka nikasahau nilichokuwa nasoma.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika hospitalini. Mama, sijui kama utasoma hili, lakini niliahidi.

Jana saa nane mchana mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mama Jo alikuwa amesimama pale na kofia yake ya kazini, na nilipomwona nilijua, kwa sababu Mama Jo huvua kofia akiingia mahali. Ulikuwa umevuka daraja na lori lililojaa, ukafika kwenye lundo, ukashuka kusafisha kioo, ukaanguka. Mama Jo alikuwa amebaki kazini kumshikia mwenzake zamu, ndiyo maana alikuona. Damu imevuja kichwani. Gari la wagonjwa lilikuleta hospitali kubwa ya upande wetu, maana ndiyo iliyo karibu.

Daktari alitoka na karatasi. Aliuliza, "Ndugu wa karibu ni nani?"

"Mimi," Mama Jo alisema. "Mke wake."

Daktari ni mwanamke mwenye sura ya upole. Alitazama karatasi, akamtazama Mama Jo. "Mmeoana wapi?"

"Ng'ambo."

"Samahani sana. Katika jimbo hili sahihi yako haitoshi. Wazazi wake wapo?"

Nilimwona Mama Jo akivua kofia na kuikunja mikononi. Huyu ndiye anayejua kumnyamazisha Delmar kwa neno moja. Ndipo Babu akaingia, na udongo wa shamba kwenye viatu, na daktari akamwendea yeye. Alimweleza kwamba lazima wafungue fuvu, kwamba unaweza usiamke, kwamba bila hivyo hutaamka kabisa.

Babu alishika kalamu. Mkono ulimtetemeka mpaka nikaona aibu kutazama. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akimwambia Mama Jo neno.

"Wewe ndiye unayeishi naye. Ungefanyaje?"

"Tia sahihi, Orville," Mama Jo alisema. "Upesi, nakuomba."

Akatia. Kisha wakakaa kwenye viti vya ukutani, kiti kimoja kitupu katikati, nami nikakikalia. Tulikaa hivyo hadi daktari aliporudi. Umetoka salama kwenye upasuaji. Hujaamka.

Nimewaza jambo baya na nitaliandika. Kama ungeanguka dakika chache kabla, ungeangukia upande ambako una mke.

Jumapili, 19 Oktoba

Hujaamka. Mama Jo anakusomea bei za mbolea kutoka gazetini kwa sauti ya mchungaji. Muuguzi anacheka. Mimi nimejaribu.

Jumanne, 21 Oktoba

Shule wanataka sahihi ya mzazi kwenye fomu ya ruhusa. Mama Jo ametia, kama alivyotia zote tangu darasa la kwanza. Leo katibu ameirudisha. Ameniambia polepole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, "Tunahitaji mzazi, mpenzi. Yule aliyepo kwenye cheti cha kuzaliwa."

Alhamisi, 23 Oktoba

Babu amekuja nyumbani na sanduku tupu.

Alisimama mlangoni, hakuingia. Alimwambia Mama Jo, "Shule wamenipigia. Mtoto hana wa kumtilia sahihi. Atakaa kwangu mpaka Renae aamke."

"Ana kitanda chake hapa."

"Na asipoamka?"

Mama Jo alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Usiseme hivyo mbele yake."

"Mimi sina ugomvi na wewe, Joleen." Alisema Joleen. "Lakini nimemzika mke, na binti yangu yuko vile alivyo. Huyu ndiye aliyebaki. Siwezi kumwacha kwa mtu ambaye sheria haimjui."

"Sheria uliyoipigia kura wewe!"

Babu alikunja uso kama aliyepigwa kofi. Mama Jo akaniangalia, akavuta pumzi, akasema kwa upole, "Kapange nguo, Marit. Usisahau daftari."

Nimemchukia kidogo kwa kuniruhusu niende. Naandika hili katika chumba alicholala Mama akiwa msichana. Dirisha linatazama mto. Babu amewasha hita kabla sijafika, na amenunua aina ya uji wa shayiri ninaoupenda. Sijui aliijuaje.

Ijumaa, 24 Oktoba

Delmar amekuja kunywa kahawa. Nilikuwa kwenye ngazi.

"Umefanya vyema, mzee. Ukishapewa karatasi Alhamisi, basi. Yule hawezi tena kumgusa."

"Sikusema asimguse," Babu alisema.

"Sasa mahakama ya nini?"

Nilisikia sauti ya kijiko ikizunguka ndani ya kikombe kisicho na sukari, maana Babu hatumii sukari, ingawa amelima viazi vyake maisha yote.

Kwa hiyo ni Alhamisi, tarehe thelathini. Hakimu atampa Babu ulezi wangu. Nimekaa kwenye ngazi hadi miguu ikafa ganzi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mama Jo alinichukua asubuhi twende hospitalini. Babu alikubali. Lakini kwenye njia panda gari halikupinda kushoto. Lilikwenda moja kwa moja, likapanda daraja.

"Mama Jo, hospitali iko kule."

Aliendelea kuendesha. Nyuma kulikuwa na begi langu la kulalia, begi lake na kikapu cha chakula. Tulipita katikati. Hakupiga honi. Tukashuka upande wa pili, akaegesha kwenye kituo cha mafuta, mikono bado kwenye usukani.

"Hapa mimi ni mke wa mama yako," alisema. "Nina binamu kilomita mia mbili mbele. Kuna shule nzuri."

"Na Mama?"

Hapo ndipo nilipomwona akilia. Nilidhani Mama Jo ameumbwa bila kitu hicho. Alilia kama mtu anayekohoa, kichwa kwenye usukani, na kijana wa kituo alikuja kuuliza kama gari limeharibika.

Niliogopa mambo mawili kwa pamoja. Niliogopa kwamba tutaendelea mbele, na niliogopa kwamba tutarudi.

"Nikikimbia na wewe," alisema mwishowe, "nitakuwa mwizi wa mtoto pande zote mbili za mto. Na mama yako ataamka peke yake." Akapangusa uso kwa kofia. "Babu yako alisema wachache wana daraja la kuvukia, sivyo? Uliniambia. Mwambie daraja lina mwanzo na mwisho, na mtu wetu amelala mwanzoni."

Aligeuza gari. Tumefika hospitalini tukiwa tumechelewa. Mama, vidole vyako vya mkono wa kulia vimesogea leo. Muuguzi anasema tusilitegemee sana jambo hilo. Mimi nalitegemea.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama Jo amempigia wakili simu nyumbani kwake, siku ya Bwana, akaniwekea sikioni. Wakili huyo amesema karatasi ile isiyotiwa sahihi haina msaada, na kwamba upande wetu Mama Jo hana jina mbele ya hakimu. Lakini aliniuliza umri wangu.

"Kumi na tatu."

"Utatimiza lini kumi na nne?"

"Tarehe tisa Novemba."

Alicheka kicheko kidogo cha huzuni. Alisema mtoto wa miaka kumi na nne anaweza kumtaja mlezi anayemtaka, na hakimu lazima amsikilize, isipokuwa iwe kwa hasara ya mtoto mwenyewe. Wa kumi na tatu anasikilizwa akipenda hakimu.

Alhamisi ni tarehe thelathini. Mtu anaweza kukosa mama kwa siku chache tu za kalenda.

Jumatatu, 27 Oktoba

Shule zimefungwa kwa mkutano wa walimu. Babu analiendesha lori la Mama mwenyewe, maana bado ana mashamba mawili ng'ambo na redio imetaja barafu. Amenichukua.

Lori linanuka Mama: kahawa, peremende, na mafuta ya mikono. Kofia yake bado imening'inia kwenye kioo. Babu hakuitoa. Tulipofika katikati ya daraja alipunguza mwendo.

"Marit, mama yako alikuwa anapiga honi hapa. Kila safari. Nilikuwa namsikia nikiwa shambani. Ilikuwa nini?"

"Sijui, Babu."

Alitikisa kichwa, akaendelea. Niliona ameweka kidole kwenye honi, asibonyeze.

Jumanne, 28 Oktoba

Mama, leo naomba radhi. Daftari hili ni lako, lakini kurasa hizi za mwisho nampa Babu, na akitaka atasoma na za mwanzo pia. Mwalimu wangu anasema ushahidi hautolewi nusu. Nitaliweka kwenye kiti cha lori kabla hajatoka.

Babu, shikamoo.

Jana uliniuliza nikakudanganya. Alikuwa anapiga honi kwa sababu pale katikati ndipo alipokuwa anakuwa mke wa Mama Jo. Akirudi na mzigo hakuipiga, kwa kuwa pale pale ndipo alipokuwa anaacha kuwa. Nilikuwa na hofu ungekasirika. Bado nina hofu. Mkono unanitoka jasho, tazama wino ulivyosambaa.

Nakuogopa wewe, Babu, na siogopi kwa sababu wewe ni mbaya. Nilidhani ni mbaya hadi nilipoona mkono wako ukitetemeka hospitalini. Nakuogopa kwa sababu una huruma na pia una nguvu, na sijui ipi itaamka kwanza Alhamisi asubuhi.

Sitakuficha kitu. Tarehe tisa Novemba natimiza kumi na nne, umri wa kumtaja mlezi mbele ya hakimu, nami nikiulizwa nitasema Joleen. Nitalisema jina lake lote. Nitasema pia kwamba nataka kula kwako kila Jumapili, lakini asiwepo mtu yeyote wa kubaki kwenye gari. Mama akiamka kabla, hatutahitaji hakimu. Asipoamka, sitaki kupoteza mama wawili katika mvuno mmoja. Wewe unajua kupoteza kukoje.

Jana usiku ardhi imeanza kuganda juu. Bado una mashamba mawili, na Alhamisi utamwacha nani kwenye lori, uvae suti, uende mahakamani? Mama alisubirisha kichwa chake. Wakili alisubirishwa, na karatasi ikasubiri mpaka ikakosa maana. Hata Bibi, uliyempenda kuliko wote, alilala katika baridi ya kanisa hadi kiazi cha mwisho kikatoka, na ulisema yeye mwenyewe angetaka hivyo.

Nijibu leo hii, kwa kinywa chako, utakaporudi kunywa kahawa. Mama Jo atakuwepo, nimemwalika, na nimemwambia aingie ndani.

Babu, kama kila kitu katika nchi hii husubiri viazi, kwa nini mimi peke yangu nisisubiri?